Nyuzi nano katika maji ya kunywa: kunasa bakteria si kuwaua

Chujio la nyuzi nano (utando wa nyuzi nyembamba mno) likisifiwa kwamba limeondoa asilimia 99.9 ya bakteria, ulizia kwanza: limewanasa au limewaua? Kwa familia inayochota maji kwenye chemchemi za Bwaise, Kampala, ambako maji ya ardhini yako juu na vyoo vya shimo viko jirani, swali hilo lina uzito. Bakteria walionaswa wakiwa hai huzaana kwenye utando, na utando ukichanika huingia majini kwa wingi.

Kunasa ndiyo kazi nyepesi; kinachotakiwa ni utando tu, nao hutengenezwa hivi. Myeyusho wa polima, tuseme PVA (plastiki inayoyeyuka majini) ya asilimia 10, husukumwa kwa bomba la sindano, mililita 1 kwa saa, chini ya kilovolti 15 hadi 20, na nyuzi hutua kwenye bamba lililo sentimita 15 mbele. Unene wa uzi mmoja ni nanomita mia chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Hewa ikiwa na unyevu mwingi, nyuzi hufika zikiwa mbichi na kugandana. Na PVA isipoimarishwa kwa joto au kemikali, huyeyuka majini. Kisha kuna hesabu ambayo wasifiaji huiruka: sindano moja hutoa gramu 0.1 kwa saa, kwa hiyo mita moja ya mraba ya utando wa gramu 10 hula saa 100, umeme usipokatika.

Kuua kunategemea kilichopakwa juu ya uzi. Amonia ya kwatenari, aina ya dawa ya kuua vijidudu, ina chaji chanya, huvuta bakteria wenye chaji hasi na kuwapasua ngozi, lakini mizoga na tope hufunika chaji hiyo na kazi husimama. Madini ya fedha hutoa ayoni, yaani chembe zenye chaji, zinazoua hata bila kugusana, ila akiba huisha, na chumvi za kloridi majini huzishika. N-halamini, kiwanja kinachobeba klorini, naipendelea kwa sababu moja: ikichoka, huloweshwa kwenye dawa ya klorini ya dukani ikarudia nguvu.

Hapo mpinzani ana hoja nzito. Kama klorini ipo, si uitie tu kwenye jerikani? Klorini inayobaki hulinda maji hata kikombe kichafu kikichovywa, utando hauwezi. Lakini Cryptosporidium, kimelea cha kuhara, huvumilia klorini, na kwa kipenyo cha maikromita 4 hadi 6 utando mzima humzuia. Maji ya tope nayo huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kwa hiyo mimi nasimama na vyote viwili: maji yatuame, yachujwe kwa kitambaa, yapite kwenye nyuzi, kisha klorini ikae dakika 30 na ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Kuuza utando kama mbadala wa klorini ni kuwahatarisha watu.

Vipimo navyo hudanganya. Fedha iliyovuja huendelea kuua ndani ya chupa ya sampuli njiani kwenda maabara, na chujio likapewa sifa isiyo yake. Chupa itiwe kemikali za kuizima fedha hiyo, sodiamu thaiosulfeti pamoja na thaioglaikoleti, kabla ya kuchota. Halafu kipande cha utando kitikiswe kwa nguvu kwenye maji ya chumvi, na maji hayo yaoteshwe kwenye sahani ya maabara yenye chakula cha bakteria: makundi yatakayoota ndiyo bakteria walionaswa bila kufa.