"Malaika" ni ya nani?

Kwenye sendofu moja Area C, hapa Dodoma, bendi ilipogusa "Malaika" mshereheshaji alitangaza: "Wimbo wa Fadhili William!" Mzee mmoja aliyekaa upande wa wakwe akainuka, soda mkononi. "Si wake! Ni wa Adam Salim, Mtanzania mwenzetu." Meza yetu ilibishana mpaka keki ikakatwa.

Wanaomtetea Fadhili wana santuri. Mkenya huyu aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa ile sauti nyororo ya mtu anayembembeleza mpenzi wake. Baada yake dunia ikaudaka: Miriam Makeba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, Boney M mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Santuri zisingekuwepo, sijui kama wimbo ungevuka hata mpaka wa Namanga.

Wa Salim wanasema aliutunga mwaka 1945 akiishi Nairobi. Fadhili alizaliwa 1938. Basi kama mwaka huo ni sahihi, mtunzi anayetajwa siku zote alikuwa mtoto wa miaka saba! Hoja hiyo ni nzito, ila imeegemea kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hazina lebo wala namba ya santuri. Tena Lucas Tututu wa Mombasa naye ametajwa kuwa mtunzi.

Mimi nagoma kuifanya santuri hati ya kuzaliwa ya wimbo. Huku Ugogoni wimbo huanzishwa na mtu mmoja, ukapokelewa, ukahamia kijiji cha pili ukiwa na maneno mapya, na hakuna aliyeandika tarehe. Aliyeuanzisha yupo hata kama kinasa sauti hakikumkuta. Hata hivyo sitamnyang'anya Fadhili haki yake, kwa sababu mapozi yale na ule mvuto wa taratibu ndivyo tunavyoviimba mpaka leo. Mshereheshaji angesema tu "uliorekodiwa na Fadhili William", asingemdhulumu mtu.

Ubishi ulipopoa, bendi ikarudia wimbo kwa ombi la bibi harusi. Unajua kisa chake: kijana anapenda, mahari hana. Kwetu mahari ni ng'ombe, kwa hiyo ukumbi mzima ulielewa. Yule mzee aliimba beti zote macho yamefumbwa, na penye pesa kuisumbua roho sauti yake ilikatika, mkewe akaumalizia mstari.