Mzee wa Gongoni Ameniponza

Kuna walioponzwa na pombe, kuna walioponzwa na mikopo ya kausha damu. Mimi nimeponzwa na mzee mmoja muuza misumari.

Mimi ni fundi seremala, kibanda changu kiko Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Hatua thelathini kutoka benchi langu kuna duka la vifaa vya ujenzi. Lina vioo, lina feni, na ndani kuna kijana mwenye fulana iliyochorwa nyundo. Nikipiga chafya kibandani, yeye kule anasema "afya". Na bado nikitaka hata skrubu tatu, nafunga kibanda na kujikokota juani mpaka Gongoni. Sawa, babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, lakini wale walikuwa na ujira. Mimi nalipwa jasho.

Yote yalianza na randa ya umeme. Niliinunua pale kwenye vioo, ile ya visu vya milimita 82, kwa pesa ya kitanda kizima. Siku hiyo nilipokelewa kama bwana harusi. Karibu bosi, kaa bosi, hii orijino bosi. Nikatoka kifua mbele.

Miezi miwili haikuisha. Niko na kitanda cha mninga, tano kwa sita, mwenyewe anaoa Jumamosi na leo ni Alhamisi. Randa ikaanza kurusha cheche tumboni, ikatoa harufu ya kuungua, ikakohoa mara mbili, kimya. Nikaibeba kifuani kama mtoto mwenye homa. Kijana ni yule yule na feni ni ile ile, ila ubosi umekwisha. Hakuinua macho kwenye simu, alinyoosha kidole juu tu. Nikadhani ananikabidhi kwa Mungu. Kumbe kuna kibao: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Nikasema haidhuru, risiti ninayo. Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo: jamani, pigeni kopi risiti zenu. Ile karatasi ya mashine haipatani na joto, na mimi nilikuwa nimeiweka ndani ya boksi la bati, boksi liko juani. Nikaikunjua mbele yake kwa madaha. Nyeupe pe! Hata jina la duka halipo.

"Hii ni karatasi tu, mzee," akasema. Juzi bosi, leo mzee.

Nina mpwa wangu aliyesoma. Akaniambia ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina sehemu ya kumlinda mlaji. Nikarudi na sheria yangu mdomoni, nikaitamka yote, na mwaka wake. Kijana akasikiliza, akatoa kisikilizio sikio moja, akauliza, "Sasa hiyo sheria ndiyo itatengeneza randa? Mota imeungua. Nunua mpya."

Ndipo nikaenda Gongoni. Duka lenyewe ukilipita hulioni. Nje kuna kigoda chini ya mwembe, ndani kiza na harufu ya kamba za katani. Shikamoo, marahaba, kaa. Mzee hakuuliza nilinunua wapi. Akachukua bisibisi bapa, akafungua vifuniko viwili vyeusi vya mviringo ubavuni mwa randa. Mimi nilidhani ni mapambo! Akachomoa kijiti cheusi, kifupi kama jino la mtoto, kina springi na waya wa shaba mkiani.

"Mota nzima. Kaboni zimekwisha, mwanangu. Hizi ndizo zinaupeleka umeme kwenye kile kinachozunguka, na kwa kuwa zinasuguana lazima ziliwe. Zikifupika hazigusi vizuri, ndiyo zile cheche zako."

Za saizi yangu hakuwa nazo, alikuwa na nene kidogo. Basi akatandaza msasa mezani, akaanza kuisugua kaboni, anaijaribu kwenye tundu, anasugua tena, vidole vyeusi kama mchoma mkaa. Ya kwanza ikaingia. Ya pili akaisugua vile vile, maana alisema zinabadilishwa zote mbili, ukibadili moja umejidanganya. Akachomeka kwenye umeme. Randa ikanguruma! Mimi na mpita njia mmoja tukapiga makofi.

Shilingi elfu tatu.

Ungefikiri hapo hadithi imeisha kwa furaha. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Tangu siku ile siwezi kununua kitu pengine, roho inanisuta. Na mzee mwenyewe si mfanyabiashara, ni mtihani. Ukifika adhuhuri yuko msikitini. Ukifika baada ya hapo yuko kwenye bao, na mchezo haukatizwi. Ukimkuta, nusu ya unachotaka hana: "Njoo Jumanne, mzigo unakuja na treni." Reli imefika mji huu tangu 1912, lakini ule mzigo wa Jumanne bado uko njiani.

Lililo baya zaidi, hataki kuniuzia! Nilikwenda na pesa mkononi kununua msumeno mpya. Akasema nimletee wa zamani auone. Nikarudi Ng'ambo, nikaja nao. Akapitisha kidole gumba kwenye meno. "Msumeno huu mzima, wewe ndiye mvivu wa kunoa." Akanipa tupa ya pembe tatu, akanikalisha kwenye kigoda, akanifundisha kunoa kama mwanafunzi, mbele ya watu. Mke wangu anasema bora ningeoa mke wa pili, angalau huyo angekuwa anapika.

Wiki iliyopita ikanifika. Saa kumi na mbili jioni, stuli mbili zimebaki kupigwa misumari, Gongoni kumefungwa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaingia kwenye vioo. Karibu bosi! Kilo moja ya misumari, mfuko mweusi, nikajificha nao chini ya shati kama mwizi wa kuku.

Sijamaliza kuvuka barabara, baiskeli hiyo inakuja polepole. Mzee! Anarudi kutoka kwenye msiba.

"Umebeba nini, mwanangu?"

"Sukari, mzee."

Mfuko ukapasuka hapo hapo. Misumari ikamwagika barabarani, chwaa, hadi kwenye tairi lake. Mzee akashuka, magoti yakalia, akainama tukaokota wote. Kimya kimya. Akainua mmoja, akautazama kwa mwanga wa pikipiki iliyokuwa inapita.

"Nchi tatu. Zile stuli ulizoniambia zitapasuka miguu. Kesho nipitie nikubadilishie na nchi mbili."

Kunibadilishia misumari ambayo hakuniuzia yeye!

Asubuhi nikaenda, sura nimeitazamisha chini. Akaimimina kwenye mzani wake wa mawe. Upande wa kilo haukunyanyuka. Akatoa jiwe la kilo, akaweka la nusu, akaongeza la robo na vijiwe vidogo, mpaka mzani ukasimama: gramu 850. Mimi nikaapa tuliokota yote, hata ule uliokuwa umeingia kwenye kiatu. Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu na ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Hii sukari," akaniuliza, "walikuuzia kilo shilingi ngapi?"