Badili Diski Kwanza, Kompyuta Mpya Baadaye

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika saiba na ofisi ndogo za Mombasa zilikuja kama mitumba kutoka Ulaya. Zikianza kukokota, mwenyewe huambiwa muda wake umekwisha, anunue nyingine. Sikubaliani kabisa. Mara nyingi prosesa ingali na nguvu ya kutosha kwa barua, huduma za serikali za eCitizen na fomu za kodi za KRA. Kinachoikokotesha ni diski.

Sahani ya diski ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Kila faili inapotakiwa, kichwa cha kusomea husogea kuitafuta, kisha hungoja sahani ifike mahali pake, na hapo hupotea kama milisekunde 10. Windows ikiwaka huitisha maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, basi piga hesabu mwenyewe. SSD, yaani diski ya chipu unayoiweka mahali pa ile ya zamani, haina kinachozunguka. Kipande kimoja hukifikia kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Raha yote imo humo, wala haimo katika zile megabaiti kwa sekunde zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kwa hivyo SSD ya SATA, aina inayotumia njia ile ile ya diski za zamani na kufika kama megabaiti 550 kwa sekunde, yatosha. NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, ni kweli ina mbio zaidi, hata 3,500 na kupita, na anayehariri video ataziona. Mama mwenye saiba Kongowea, anayeskani vitambulisho na kuchapisha barua, hatazihisi. Tena madabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za kabla ya 2014 hazikubali kuwaka kutoka kwa NVMe hata ukiichomeka kwa adapta. Inaniuma mteja anapouziwa kifaa ambacho mashine yake haiwezi kukitumia. Na hata madabodi ikiwa na tundu la M.2, la kuchomekea SSD nyembamba kama kijiti, uliza kwanza: vijiti vya SATA na vya NVMe hufanana sana, lakini si kila tundu hupokea vyote viwili.

SSD bandia ndizo zinazonitia hofu zaidi. Ukiona terabaiti 2 kwa bei ya gigabaiti 240, usitoe pesa. Ndani huweza kuwa na chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya: kompyuta inaonyesha terabaiti 2, unajaza picha za harusi na hesabu za duka, kisha faili mpya zinafuta za zamani kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote na kuisoma tena, na uongo hujulikana. Ifanyie jaribio hilo ikiwa tupu, kabla ya kuweka kitu chochote, risiti ikiwa ingali mpya.

Stima nayo ikipotea ghafla huweza kuharibu data hata kwenye SSD, kwa hivyo UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, si anasa. Na nakala ni lazima, kwa sababu faili iliyofutwa kwenye SSD ni vigumu sana kuirudisha kuliko kwenye diski ya zamani.

Ile diski ya zamani usimwachie fundi, hata awe rafiki. Ina nambari za vitambulisho vya wateja, PIN zao za KRA, pengine na nywila. Mwambie akurudishie mkononi, uifanye ya kuhifadhia nakala, au uifute yote kabla haijatoka kwako.