Tuwashe Mshumaa wa Pasaka Giza Likishaingia

Jumamosi Kuu moja, siku ya kuamkia Pasaka, nilifika kanisani saa kumi na mbili na nusu jioni, hapahapa Kigoma, nikakuta moto wa Pasaka umeshawashwa uani. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo, linatupiga machoni. Ndimi za moto hazikuonekana. Tuliona moshi tu. Padre akaubariki, akauwasha mshumaa, tukaandamana kuingia. "Mwanga wa Kristo," akaimba mara tatu, nasi tukajibu "Tumshukuru Mungu" huku kanisa zima limejaa jua mpaka altareni. Mwali wa mshumaa nilikuwa nautafuta kwa macho.

Jambo hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Kanisa Katoliki limeagiza waziwazi kwamba Mkesha wa Pasaka usianze kabla ya usiku kuingia, na uishe kabla ya Jumapili kupambazuka. Saa kumi na mbili na nusu, Dar es Salaam jua linazama. Sisi tuko ukingoni kabisa mwa nchi upande wa magharibi na tunafuata saa ileile. Mwezi Aprili jua letu huzama saa moja imeshapita, na giza lenyewe hutulia karibu saa moja na nusu. Ukiipanga ibada kwa mshale wa saa bila kutoka nje kutazama mbingu, utaimba habari za usiku mchana.

Na yalishatokea, tena kwa karne nyingi. Mkesha huu ulisogezwa taratibu hadi ukawa unaadhimishwa Jumamosi asubuhi. Shemasi anasimama kuimba Mbiu ya Pasaka, wimbo wa kuusifu usiku huo, anarudia "huu ndio usiku", na nje kumekucha watu wako sokoni. Papa Pius XII ndiye aliyeruhusu urudishwe usiku mwaka 1951, na kuanzia 1956 ikawa sheria. Bado kuna wazee hai waliobatizwa kabla ya hapo. Inaniuma kuona tunaanza kurudi kulekule, hatua kwa hatua, kwa sababu ya kuwahi kulala.

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, mtumbwi wake hulala mwaloni Kibirizi. Nilipomsimulia habari ya ule moto alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa taa ya mchana inavuta nini?" Yeye anaijua taa. Anaiwasha katikati ya ziwa kukiwa giza totoro, dagaa wanapanda kutoka kilindini kuufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu hawapandi hivyo, mwanga umetapakaa kila mahali, basi wavuvi wanaegesha mitumbwi, wanashona nyavu, wanakaa na watoto wao mpaka mbalamwezi ipite.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nimeishi nalo miaka yote bila kuliona. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo karibu kila mwaka mwezi mpevu huangukia ndani ya Juma Kuu, juma linaloitangulia Pasaka. Mwaka 2024 ulikuwa Jumatatu ya juma hilo, tarehe 25 Machi. Mwaka 2025 ulikuwa Jumapili ya Matawi yenyewe, tarehe 13 Aprili. Maana yake, juma ambalo Wakristo wanaitwa kumfuata Bwana kuelekea msalabani ndilo juma ambalo wavuvi wetu wako nchi kavu. Jirani zetu Waislamu pale Ujiji hutoka nje kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani, wakaelekezana kwa vidole. Sisi tunasubiri kalenda ya ukutani ituambie, tukasahau kwamba hata yetu imeandikwa kwa mwezi.

Mshumaa wenyewe ni kazi ya mikono inayostahili giza lake. Umechorwa msalaba, Alfa juu na Omega chini, herufi ya kwanza na ya mwisho za Kigiriki, na kwenye pembe nne za msalaba tarakimu za mwaka huu huu tunaouishi. Kisha punje tano za ubani kwa ajili ya madonda ya Bwana. Sijui sanaa nyingine inayobeba mwanzo wa nyakati, mwisho wake na mwaka wetu wa taabu na mavuno kwa pamoja namna hiyo. Mshumaa huo ndio unaowashwa mtoto akibatizwa. Mama yangu alipolazwa mbele ya altare ndani ya jeneza, ulisimama karibu naye unawaka, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kukitazama.

Najua majibu ya halmashauri ya parokia. Watu wa vigango, makanisa madogo ya parokia, wanatoka mbali, bodaboda za usiku ni ghali, akina mama wana watoto mgongoni. Haya ni kweli na siyadharau. Lakini tukianza saa mbili kasorobo tutakuwa tumemaliza kabla ya saa tano, na jumuiya zinaweza kurudi pamoja, kama zinavyorudi kutoka msibani. Muda nao tunao: masomo saba ya Agano la Kale tunayapunguza hadi matatu, halafu matangazo na michango vinachukua nusu saa. Afadhali tusikie masomo yote. Lile la Kutoka 14, la bahari kugawanyika, haliruhusiwi kuachwa, na watu waliowahi kupigwa na dhoruba ziwani hulisikiliza wakiwa wameshika benchi.

Ombi langu ni hili tu: Jumamosi Kuu ijayo taa za umeme zizimwe kote, hata ile ya sakristia, na asiguse mtu kibiriti mpaka tushindwe kumtambua aliyesimama mbele yetu. Mjomba ameniahidi kuja. Amesema atasimama nyuma mlangoni, aone mwanga ukiingia.