Usaili Jumatatu, na Suti Haitaki Sweta

Jamani, nimeitwa usaili! Karani wa ghala, kampuni moja ya maparachichi kule Rungwe. Tangazo linataka mtu mwenye "uzoefu wa miaka mitatu katika mnyororo wa thamani wa parachichi". Mimi, mzaliwa wa Tukuyu! Maparachichi nimeyakanyaga tangu naenda shule peku, nguruwe wetu tuliwalisha mpaka wakayakinai. Leo naulizwa uzoefu?

Basi usiku nakesha na simu nikisoma habari za Hass, lile parachichi la kisasa la kuuza nje. Kumbe halilainiki likiwa mtini, unalichuma gumu, lenyewe linaiva baadaye na ganda linageuka jeusi. Lile letu la kienyeji, kubwa kama kichwa cha mtoto, halikutajwa popote.

Sasa suti. Mbeya ya mwezi wa saba si unaijua? Asubuhi mdomo unatoa moshi na sigara huvuti. Koti nimelipata mtumbani Mwanjelwa, jepesi, la watu wa Dar, na fundi ameshalibana kiunoni. Nikivaa sweta ndani, kifungo hakifiki. Nikivua, nitajibu meno yakigongana, na wale watasema huyu vyeti vyake vya kufoji. Mama mwenye nyumba akatoa hukumu: vaa trakisuti ndani ya suruali. Nimejaribu. Kusimama nasimama vizuri tu, kukaa ndiyo kazi.

Viatu nitavibeba kwenye mfuko. Kwa vumbi la Uyole, na hii barabara inayopanuliwa, ukifika stendi ya magari ya Tukuyu kiatu cheusi kimeshakuwa cha kaki. Kandambili mpaka getini.

Vyeti halisi na vivuli, tena vivuli vigongwe muhuri na wakili. Wakili anahesabu kwa karatasi, mpaka nikaanza kujuta kusoma.

Shemeji, ambaye tangu nimjue hajaajiriwa na mtu, amejipa uenyekiti wa jopo. Kanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Usingizi."

Karuka juu! Eti niseme napenda kazi mpaka nasahau kula. Anayasema hayo huku sahani ya ugali iko mapajani mwangu, tupu.

"Miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

Shemeji, mimi hata hiyo Jumanne sijioni.

Tukafika kwenye mshahara. Shemeji anasema nisitaje. Mjomba, kwa simu, anasema nitaje mara mbili ya ninaoutaka, halafu nisalimie kwa Kinyakyusa, "ugonile", nikiingia, huenda mwenyekiti ni wa kwetu. Mama mwenye nyumba akasema laki nane, kwa sauti ya mtu aliyekwisha piga hesabu.

Kweli alikuwa amepiga. Jioni mumewe kaja na daftari. Hakuniombea hata dua. Kauliza tu kampuni inalipa mwisho wa mwezi au katikati, maana kodi ya miezi sita anaitaka kwa mpigo, na mlango wa choo ameshauagiza kwa fundi.