Rufaa hupima kesi ilivyoendeshwa

Aprili 25, 2024, Mahakama ya Rufani ya New York, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika jimbo hilo la Marekani, ilitengua hukumu iliyompa Harvey Weinstein, mtayarishaji wa filamu, kifungo cha miaka 23 kwa makosa ya kingono. Majaji wanne walikubali rufaa yake na watatu wakaikataa. Watu wengi walichukulia kwamba ameonekana hana hatia, na hasira yao naielewa, lakini kilichoamriwa ni kesi isikilizwe upya. Weinstein mwenyewe aliendelea kubaki kizuizini, kwa kuwa alikuwa na kifungo kingine cha California.

Kosa lililoonekana lilikuwa la kiutaratibu, na ni kubwa. Mwaka 2020 jaji wa kesi aliwaruhusu wanawake watatu waeleze matendo ambayo hayakuwamo kwenye hati ya mashitaka. New York ina kanuni ya tangu 1901, iliyotokana na rufaa ya Roland Molineux, mshtakiwa wa mauaji kwa sumu ambaye upande wa mashitaka ulimhusisha na kifo kingine ambacho hakushtakiwa nacho. Kanuni hiyo inataka mtu ahukumiwe kwa tendo aliloshtakiwa nalo, wala asitiwe hatiani kwa kuwa anaonekana ni mtu wa tabia hiyo. Jaji Jenny Rivera, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, aliishikilia. Jaji Madeline Singas alipinga kwa nguvu, akiona kwamba wenzake wamepuuza namna makosa ya kingono yanavyotendeka faraghani, na hoja yake ina uzito. Hata hivyo mimi naegemea upande wa Rivera, kwa sababu hukumu iliyojengwa juu ya ushahidi usiostahili haimlindi mlalamikaji. Wanawake waliokwisha kueleza yaliyowapata mbele ya umma walilazimika kurudi kizimbani mwaka 2025, na safari hiyo Weinstein alitiwa hatiani kwa shitaka moja, akaachiwa kwa jingine, na la tatu likakosa uamuzi. Gharama hiyo ya kibinadamu ingeepukika tangu mwanzo.

Katika kesi ya madai ya jimbo la New York dhidi ya Donald Trump kuhusu kuongeza thamani ya mali zake, jambo lililopimwa kwenye rufaa lilikuwa hasa kiwango cha adhabu. Agosti 21, 2025, jopo la majaji watano wa mahakama ya rufaa iliyo chini ya Mahakama ya Rufani ya New York lilifuta malipo ambayo, pamoja na riba, yalikwisha kuvuka dola milioni 500, huku matokeo ya kwamba udanganyifu ulifanyika yakiachwa yasimame. Majaji wawili waliona udanganyifu umethibitishwa ila malipo yamepita kiasi kinachoruhusiwa na Katiba ya Marekani. Wawili walitaka kesi ianze upya. Mmoja alitaka ifutwe kabisa. Wale wawili waliotaka ianze upya walikubali amri ya mwisho ili tu shauri liweze kwenda kwenye mahakama ya juu.

Kufuta malipo hayo nakubaliana nako, kwani adhabu ya serikali lazima iwe na uwiano na kosa. Kinachonisumbua ni kurasa 323 zenye maoni matatu yasiyopatana, ambazo jaji wa kesi inayofuata hawezi kuchota humo kanuni ya kuifuata. Kazi ya kuiweka wazi sheria hiyo imeachiwa majaji saba wa Mahakama ya Rufani ya New York, mahakama ileile iliyogawanyika wanne kwa watatu katika rufaa ya Weinstein.