Kabla ya kupiga kambi Rubondo

Naunga mkono wito wa makala niliyoisoma kwamba familia za Kitanzania zipige kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, badala ya kuiona kuwa ya wageni pekee. Hata hivyo, picha yake ya hema lililosimikwa karibu kabisa na maji imenitia wasiwasi. Ni kweli kwamba kisiwani hakuna simba, na ndiyo maana mtu huweza kutembea msituni kwa miguu akiwa na mwongozaji, akitafuta nzohe (swala wa maeneo ya majimaji) kwenye matete au sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1960; lakini viboko na mamba wapo tele, na kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni.

Ukiona nyasi za ufukweni zimelishwa zikabaki fupi, na mfereji wa matope wenye nyayo pana ukishuka ziwani, hapo ni njia ya viboko; usipigilie vigingi, hata kama mandhari yake yanavutia kuliko penginepo. Muulize askari wa hifadhi akuoneshe eneo lililotengwa. Watoto nao waelezwe mapema kwamba kuogelea hakuruhusiwi, kwani maji hayo huonekana matulivu mno ilhali yana mamba, na kichocho nacho ni tatizo la siku nyingi katika mwambao wa Ziwa Victoria.

Laiti mwandishi angetaja pia nauli ya boti, maana hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayowazuia wengi wetu kuliko viboko.